Maneno Yaliyofungwa Gerezani

Daftari langu la kidato cha tatu lilikuwa na kurasa mbili za msamiati wa Kusadikika: neno kushoto, maana kulia, mstari wa wino mwekundu katikati. Nilizikariri zote. Mtihani niliufaulu, riwaya sikuielewa.

Kitabu hicho cha Shaaban Robert kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, na Kiswahili chake kinawatoa jasho wanafunzi wa leo. Hilo silibishi. Ninachobisha ni dawa tunayowapa. Orodha zetu huyaruka maneno mazito kuliko yote, kwa kuwa yanaanza na herufi kubwa nasi tunayadhani ni majina ya watu basi.

Watazame wajumbe sita ambao Karama, anayeshtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria, anawasimulia mahakamani. Buruhani ni hoja inayothibitisha jambo. Fadhili ni hisani. Kabuli ni neno la ndoa: aliyewahi kukaa karibu na shehe akifungisha nikaha amelisikia, na ni ndugu wa kukubali. Auni ni msaada. Ridhaa twaijua, ingawa siku hizi tunakutana nayo zaidi kwenye fomu za hospitali. Amini ni mwaminifu. Kila mmoja anatumwa nje, anarudi na maarifa ya kuifaa nchi, anatupwa gerezani. Sasa soma tena bila herufi kubwa: utawala umefunga ushahidi, hisani, makubaliano, msaada, ridhaa na uaminifu. Daftari langu halikuniambia hayo.

Na nchi yenyewe je? Iko angani, haikanyagiki, lakini inaitwa Kusadikika. Mwalimu anayehangaika kufundisha kauli ya kutendeka kwa "lika" na "pikika" ana mfano mtamu zaidi kabatini, tena wenye kejeli ndani yake.

Kwa hiyo katika toleo hili sherehe ya maneno tumeisukuma hadi ukurasa wa mwisho, na wahusika tumewapanga humo pamoja na maneno mengine. Wenzangu wawili walinung'unika: mtoto aanze kusoma bila msaada? Aanze. Akwame, akisie, akosee, arudi nyuma aya mbili. Neno alilolipata kwa taabu hiyo halitamtoka upesi.

Majivuno, mshtaki wa Karama, sikumwandikia maelezo. Huyo tunakutana naye kila siku.