Habari za mabadiliko ya tabianchi: nani analipa, nani anauliza?

Mwezi wa tano 2023, mito ilifurika Kalehe na kubomoa Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa, na habari ikazunguka dunia. Lakini maswali yenye kuokoa watu yanakuja nyuma: wakaaji wanahamia wapi, nani anarudisha miti ku milima, makuta ya msaada yalifika?

Kufuatilia hayo kunaomba miezi, na miezi inaomba makuta. Radio ikitegemea mradi wa shirika, mradi ukiisha, swali nalo linaisha. Ikitegemea matangazo ya kampuni ya petroli, itauliza namna gani juu ya petroli ya Virunga?

Kule Marekani, Inside Climate News, gazeti la intaneti lililoanza 2007, linaishi kwa michango ya wasomaji na wafadhili. Lilifuatilia mafuta yaliyomwagika mwaka 2010 ndani ya mto Kalamazoo. Mwaka 2013 likapata tuzo ya Pulitzer.

Huku kwetu mchango utakuwa mudogo: franka kidogo, yuniti, ao mafuta ya jenereta. Hautalipa yote. Radio nayo inapashwa kutangaza ku mikro nani aliipa nini. Hapo msikilizaji atakuwa na haki ya kuuliza: «Na Bushushu, mulifikia wapi?»