Msichangishe Wazazi Kununua Silinda Kubwa

Wasee, leo sibembelezi mtu.

Binamu yangu yuko kwa timu ya roboti shuleni kwao. Wiki jana kila mzazi aliombwa elfu mbili. Sababu? Ati mkono wa roboti unasukuma polepole, kwa hivyo lazima inunuliwe silinda ya hewa kubwa zaidi. Mama yake ni mama mboga. Elfu mbili kwake si ya kuchezea.

Jumamosi nikaenda kuongea na patroni. Akaniangalia juu chini, akauliza, "Wewe si ndiye uliacha chuo?" Ndiyo, Mwalimu, ni mimi. Lakini hesabu haiulizi mtu cheti.

Sikieni. Silinda kubwa inaongeza nguvu, haiongezi kasi. Chukua silinda ya kipenyo cha milimita 19 na nyingine ya 38, urefu wa msukumo uwe ule ule. Kipenyo ni mara 2, lakini eneo ni mara 4, kwa hivyo inataka hewa mara 4 ndiyo ijae. Na vali ni ile ile, paipu ni ile ile. Ni kama kutoa mtungi wa lita 20 chini ya mfereji, ukaweka pipa la 80, halafu ushangae mbona halijai haraka. Unalipa zaidi ndiyo uchelewe zaidi!

Kama mzigo ungekuwa unaishinda silinda ndogo, ningenyamaza. Lakini kwa presha ya PSI 60, hiyo ya milimita 19 inasukuma karibu kilo 12. Mkono wao haufiki kilo 2.

"Basi tuongeze presha." Hapana. Kule Marekani kwa mashindano ya FIRST Robotics Competition, tangi haliruhusiwi kupita PSI 120 na hewa ya kazi haipiti 60. Presha yao ina kikomo kimoja, na bado roboti moja inapiga kama teke la punda, nyingine inajikokota. Tofauti iko kwa njia ya hewa.

Na hapa ndipo watu wengi hulala: pistoni haiendi mbele mpaka hewa iliyo mbele yake itoke. Kila mtu anaangalia hewa inayoingia, hakuna anayeuliza inatokea wapi. Muulize fundi yeyote wa malori. Ile "psss" unayosikia dereva akiachilia breki ni hewa inayotolewa na vali iliyowekwa karibu na breki, ndiyo isirudi safari yote hadi kwa pedali. Mafundi wanajua hii kitu kitambo sana.

Roboti ya binamu yangu? Hewa inarudi mita mbili ndani ya paipu nyembamba, halafu inakutana na skrubu ya kupunguza kasi ambayo mtu aliikaza akaisahau. Niliiona kwa macho. Sikuruhusiwa kugusa.

Kwa hivyo kabla hamjachangisha, fanyeni hivi, moja moja, na kila mara mrekodi na simu kwa mwendo wa polepole ndiyo mlinganishe:

Fungueni hiyo skrubu. Sogezeni vali karibu na silinda, mkate paipu iwe fupi. Kagueni kila kiungio, kwa sababu tundu dogo kuliko yote ndilo linaamua kasi. Wekeni vali ya kutoa hewa haraka pale pale kwa silinda. Kama reguleta inachelewesha hewa, wekeni tangi dogo baada yake, karibu na vali. Na mkiwa na nguvu ya ziada, sogezeni silinda karibu na egemeo la mkono.

Lakini toeni hewa yote kabla ya kushika chochote. Pistoni ya kasi inavunja vidole, na ikigonga mwisho bila kizuizi inajivunja yenyewe.

Jumapili usiku binamu yangu amenitumia video mbili, kabla na baada ya kufungua skrubu. Paipu bado hajakata. Tofauti unaiona bila kuambiwa.

Mwalimu, sitaki uniombe msamaha. Onyesha wazazi hizo video mbili, halafu urudishe pesa ya mama mboga.