Si sumu, ni parvo

Mhariri,

Mtaani kwetu Kimara tumezika watoto wa mbwa 5 mwezi huu. Wa kwangu alikuwa na wiki 10. Jumatatu aligoma kula, Jumanne akaanza kutapika na kuharisha damu yenye harufu kali, Alhamisi alfajiri nikamkuta amekufa. Majirani walisema amelishwa sumu. Daktari wa mifugo alipima akakuta ni parvo, ugonjwa wa virusi.

Naandika kwa sababu dhana hiyo ya sumu inatugombanisha bure huku virusi vikisambaa. Hutoka kwenye kinyesi cha mbwa mgonjwa, na kwenye udongo hudumu miezi mingi, hata mwaka. Mbwa wako si lazima avuke geti, ndala zako zinatosha kumletea. Sabuni ya kawaida haiviui. Jiki inaviua: kipimo 1 kwa vipimo 30 vya maji, baada ya kuondoa uchafu wote, na sakafu ikae na maji hayo dakika 10.

Chanjo ianze akiwa na wiki 6 hadi 8, irudiwe kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Mimi nilimchanja wangu mara moja nikadhani nimemaliza, na kosa hilo linaniuma sana. Wengi tunakumbuka chanjo ya kichaa cha mbwa tu, ambayo haizuii parvo.

Jirani uliyepoteza mbwa, usilete mwingine asiyechanjwa kwenye ua uleule. Na tafadhali tuambie mapema, tufungie wetu ndani.

Mfugaji,
Kimara, Dar es Salaam