MAFUMBO YA SIKUKUU



Jioni ya Idi pili, hapa kwetu Micheweni, vijana walikusanyika barazani baada ya sala ya alasiri, nami nikapewa kazi ya kuwauliza mafumbo. La kwanza lilikuwa hili: nitajieni chakula mlichokula Idi hii ambacho asili yake ni ng'ambo. Mmoja akasema biriani, akapata, kwani jina lenyewe ni la Kiajemi. Wengine wakataja pilau, sambusa na chapati. Kisha binti wa miaka kama kumi, aliyekaa nyuma karibu na nguzo, akasema kwa sauti ndogo: "Muhogo."

Wenziwe wakacheka. Wote walijua kuwa kwao mwaka huu hapakupikwa biriani. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilitabasamu nikataka kupita.

Kumbe binti yule ndiye aliyekwenda mbali kuliko wote. Asili ya muhogo ni Amerika ya Kusini. Wareno walifika Brazili mwaka 1500, na ndio waliouvusha bahari ya Atlantiki ukaja Afrika. Ardhi yetu ya mawe, isiyokubali kila mmea, ikaupokea, hata tukadhani tumezaliwa nao. Nikamwomba radhi mbele ya wote, nikampa alama mbili. Na mzee mmoja aliyekuwapo akamwongeza mkono wa Idi.

Nikawahadithia kuwa Mtume (s.a.w.) naye aliwauliza masahaba zake fumbo la mti usiopukutika majani, uliofanana na Muislamu. Watu wakawaza miti ya majangwani. Abdallah bin Umar (r.a.) alijua kuwa ni mtende, lakini alikuwa mdogo, akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Baadaye babake alimwambia kuwa angalifurahi mno lau angalisema.

Tukaingia katika wawili mashuhuri. Hasan na Husein, Safa na Marwa, Haruta na Maruta, yote yalijibiwa kabla sijamaliza kuuliza. (Wachezaji mpira wa Ulaya niliwakataza, au tungelikesha pale.) Lakini nilipouliza Majalali wawili ni nani, pakawa kimya, ilhali tafsiri ya Jalalayni husomeshwa misikitini kwetu kila Ramadhani! Jina hilo maana yake ni Jalali wawili. Jalaluddin al-Mahalli alianza na Suratul Kahf akaendelea hadi mwisho wa Msahafu, akafasiri na Alhamdu, kisha akafariki mwaka 1459. Sehemu iliyobaki, kuanzia Albaqara hadi Bani Israil, ikakamilishwa na Jalaluddin as-Suyuti, kijana ambaye hata miaka 25 alikuwa hajaitimiza.

Mafumbo ya mwezi ujao ni haya. Ni ndugu gani wawili, Mitume wote, ambao mmoja alimwombea mwenziwe kwa Mola wao kwa kuwa ulimi wake ni fasaha zaidi? Na ni kitu gani kikaacho sahanini siku ya Idi karibu na kahawa, ambacho jina lake kwa Kiarabu ni utamu wenyewe?

Wazee, tafadhalini msiwanong'oneze.