Barabara mbovu si breki

Kikomo cha mwendo barabarani huhesabiwa na wengi kuwa jambo la Bukavu na Goma, kwenye lami. Kuhusu Idjwi, kisiwa kinachotazamana na Kalehe ndani ya Ziwa Kivu, husemwa kwamba mashimo yanatosha kumzuia motari, yaani dereva wa pikipiki. Imani hiyo ni ya uongo, tena inaua.

Shimo humpunguzia mwendo anayelikuta. Panaponyooka, motari hufidia muda aliopoteza, mara nyingi akiwa na abiria wawili na gunia. Kwa kilomita 60 kwa saa, akichukua sekunde moja kushtuka, husogea karibu mita 17 kabla ya kushika breki. Kisha kwenye udongo mkavu huhitaji takriban mita 28 nyingine asimame. Jumla ni mita 45. Kwa kilomita 30 ni mita 15 tu. Mvua ikinyesha, mteremko ukawa utelezi, umbali huo huongezeka, na zaidi kwa mwenye kasi.

Barabara hiyohiyo ndiyo njia ya wanafunzi, ya mbuzi na ya mama aliyeinama chini ya mzigo, kamba ikimkaza kwenye paji la uso, asiyeweza hata kugeuza shingo pikipiki inapomjia nyuma. Azimio la Stockholm la 2020 kuhusu usalama barabarani lilitaka kilomita 30 kwa saa ziwe kikomo pale watembea kwa miguu wanapochanganyika mara kwa mara na vyombo vya moto, isipokuwa pakiwa na ushahidi thabiti kwamba mwendo mkubwa zaidi ni salama. Hali ya Idjwi ni hiyo kabisa, na sheria ya barabarani ya Kongo ya tarehe 30 Agosti 1978 haikukiacha kisiwa chochote nje.

Husemwa pia kwamba bila rada hakuna kupima. Mawe mawili yaliyopakwa chokaa, mita 100 kati yake, na saa ya mkononi vyatosha: anayepita kwa chini ya sekunde 12 amezidisha kilomita 30.

Lililobaki ni amande, yaani faini. Malalamiko kwamba huishia mfukoni mwa anayeitoza yana msingi, lakini dawa yake si kuifuta. Kiwango kibandikwe gatini, pesa zilipwe ofisini kwa risiti, kamwe si barabarani. Anayerudia azuiliwe pikipiki kwa siku zinazojulikana. Kisiwani hilo ni rahisi kuliko mjini: kila pikipiki huingia kwa boti, hivyo inaweza kuandikishwa palepale inaposhushwa.