Daraja la Kwanza Halijengi Daraja

Kila Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, kauli moja hurejea mimbarani, katika vikao vya wazazi na katika sherehe za pongezi za Themi na kata jirani za Jiji la Arusha: kwamba mtoto mwenye akili huenda kidato cha tano kusoma PCM, yaani mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati, hatimaye akawa mhandisi, ilhali aliyeteleza "akajaribu ufundi". Kauli hiyo hutolewa kwa upole, mara nyingine kwa nia ya kumliwaza mzazi ambaye mwanawe ameambulia daraja la tatu, lakini upole huo haupunguzi upotofu wake hata chembe.

Katika utaratibu wa Tanzania, fundi mchundo ndiye anayeshika zana na kuifanya kazi, fundi sanifu ni mwenye stashahada anayeisimamia kazi hiyo na kuioanisha na michoro, na mhandisi ni mwenye shahada anayesanifu na kubeba dhamana ya kile kilichosanifiwa. Huo ni mgawanyo wa majukumu, na wanaougeuza kuwa mizani ya akili hawajapata kuisoma sheria inayoitawala fani yenyewe. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1997, haimtambui mwenye shahada kuwa mhandisi mtaalamu siku anapovua joho, bali humwandikisha kama mhandisi mhitimu na kumtaka afanye kazi chini ya usimamizi kwa miaka isiyopungua 3, akiwa kwenye vumbi, zege na mitambo, kabla ya kumpandisha. Kwa maneno mengine, yule kijana wa alama za juu aliyekimbizwa mbali na karakana hurudishwa karakanani na dola, akiwa na miaka 25, kujifunza kile ambacho mwenzake wa chuo cha ufundi alikianza akiwa na miaka 17.

Mfano wa karibu zaidi uko mjini humohumo. Chuo cha Ufundi Arusha kilianza kufundisha mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, nchi ambako kijana aligawa muda wake kati ya kiwanda na darasa, na mzazi wake hakuona haja ya kuwaomba radhi majirani. Wajerumani walileta mashine na mitaala, ila heshima kwa mkono unaofanya kazi haikupakiwa melini. Chuo hicho hupokea wahitimu wa kidato cha nne na siku hizi hutoa hata shahada, na bado wapo wazazi wanaokitaja kwa sauti ya chini kana kwamba wanataja ugonjwa.

Watetezi wa kauli hiyo ya mtoto mwenye akili hupenda kumtolea mfano Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, mwenye shahada ya uzamivu kutoka Korea Kusini, aliyeshinda mwaka 2015 tuzo ya uhandisi kwa Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Mfano huo unawageuka. Kilichotuzwa kilikuwa chujio la maji linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno ziitwazo nano, na shauku ya kulitengeneza ilitokana na utoto wa kijijini Gongali, Karatu, ambako maji machafu yaliwaletea watu maradhi, si na alama za darasani. Tena Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha, alibuni chaja ya simu inayoendeshwa kwa pedali na baadaye akashiriki kuanzisha karakana ya ubunifu ya Twende, wala hakuna aliyemuuliza alipata daraja gani. Huko Uingereza kwenyewe, James Watt wa injini ya mvuke alikuwa mtengenezaji wa vyombo vya kupimia, na George Stephenson, baba wa reli, alifikisha miaka 18 bila kujua kusoma.

Hoja nyingine inayotolewa, na inayostahili kuhifadhiwa katika makumbusho, ni kwamba mikono yenye grisi haipokelewi vizuri ukweni. Ikiwa mahari hupangwa kwa usafi wa kucha, basi taifa lingefaa kuwaachia makarani wa benki ujenzi wa madaraja yake. Bila shaka ukoo huohuo unaochukizwa na grisi ndio unaochapisha "Eng." kwenye kadi ya harusi ya kijana ambaye Bodi haijamsajili, kisha ukawatumia watu ujumbe wa mchango mara tatu kwa wiki.

Ugonjwa huu wa kupenda cheo kuliko kazi umeigharimu Arusha. Kiwanda cha matairi cha General Tyre, kilichowahi kuwa fahari ya jiji, kimenyamaza tangu miaka ya 2000 inaisha, na katika miaka yote hiyo hapajakosekana semina za ujasiriamali mahotelini. TEMDO, shirika la usanifu wa mitambo lililoundwa mwaka 1980, na CAMARTEC ya zana za kilimo iliyolifuata mwaka 1981, yote yakiwa Arusha, hayatajwi katika sherehe hizo za pongezi, ambako mtoto hufundishwa kutamani ofisi yenye kiyoyozi.

Hali ya maji ya Arusha nayo inadai matamanio ya namna nyingine. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutia katika chemchemi na visima floridi, madini yanayoharibu meno na, yakizidi sana, kupinda mifupa ya watoto; Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na maeneo ya Maji ya Chai hukipita kwa mbali. Kijana aliyekulia huko, meno yake yakiwa na rangi ya kahawia, anaifahamu kazi inayomngojea kabla hajafundishwa fomula yoyote, na akiingia chuo cha ufundi, ndani ya mwaka mmoja atakuwa ameshika pampu na bomba. Mwenzake wa daraja la kwanza, wakati huohuo, anasubiri nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika kampuni ambayo mjomba wake anafahamiana na meneja, ambako atapewa kazi ya kutoa nakala za barua.