Kitabu cha Soros hakikupi mtaji wa Soros

Wadau, siku hizi ukikaa kijiweni na vijana waliomaliza shule wakasubiri ajira mpaka wakachoka, hutakosa mmoja mwenye kitabu cha mambo ya pesa kwenye simu. Na si vile vya "fikiri kitajiri". Ni vya wale wakubwa wanaocheza na sarafu na riba za nchi nzima: Market Wizards cha Jack Schwager (1989), au The Alchemy of Finance alichoandika George Soros mwenyewe (1987). Mimi nasema wasome tu. Ila tuulizane: humo ndani kuna nini cha kutusaidia, na kipi hatukipati hata tukikariri?

Tuanze na stori inayosimuliwa kuliko zote. Mwaka 1990 Uingereza iliifunga pauni yake kwenye mfumo wa sarafu za Ulaya, ikaahidi haitashuka chini ya mark 2.778 za Ujerumani. Sasa Ujerumani ilikuwa imetoka kuungana, inatumia pesa nyingi upande wa mashariki, benki kuu yake ikapandisha riba ili kuzuia mfumuko wa bei. Uingereza ikabidi nayo ishikilie riba ya juu wakati uchumi wake umedorora na watu wana mikopo ya nyumba ambayo riba yake inapanda na kushuka. Hapo ndipo Stanley Druckenmiller, aliyekuwa akifanya kazi kwa Soros, aliona kwamba ahadi ile haitekelezeki. Soros akamwambia aongeze dau. Waliuza pauni za takriban dola bilioni 10. Tarehe 16 Septemba 1992 serikali ilipandisha riba kutoka 10% hadi 12%, ikatangaza 15% siku hiyohiyo, na jioni ikasalimu amri. Faida ilikuwa kama dola bilioni 1.

Wengi wanaishia hapo kwenye bilioni. Lakini utamu upo kwenye swali alilojiuliza: nani amebanwa, na atalazimika kufanya nini? Pia angalia hesabu yake. Pauni isingeweza kupanda sana, kwa hiyo akikosea anapoteza kidogo, akipatia anavuna kubwa. Hilo halihitaji digrii.

Na swali hilo linafanya kazi hata huku kwetu. Januari 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160 za Kenya. Hofu kubwa ilikuwa deni la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni mwaka ule. Watu wakaficha dola wakisema shilingi imekufa. Februari serikali ikakopa upya dola bilioni 1.5, ikaanza kulinunua lile deni la zamani kabla ya siku yake, na wakati huohuo ikauza hati fungani za miundombinu kwa riba ya zaidi ya 18%. Kufika mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu na shilingi 130. Aliyenunua dola kwa 160 kwa kufuata mkumbo aliumia. Aliyekuwa anafuatilia ratiba ya madeni alikuwa na sababu ya kusita.

Sasa kisichopatikana vitabuni. Kwanza, vitabu hivi vinahoji walioshinda. Aliyefilisika haitwi kuhojiwa. Hata Jesse Livermore, ambaye maisha yake yalizaa kitabu maarufu cha mwaka 1923, alifilisika tena mwaka 1934. Pili, akili peke yake haitoshi. Mfuko wa LTCM ulikuwa na washindi wawili wa Nobel ya uchumi ya 1997, lakini kwa kila dola yao walikopa zaidi ya 20. Mwaka 1998 Urusi iliposhindwa kulipa madeni, mfuko ukapukutika na mabenki 14 yakachanga dola bilioni 3.6 kuunusuru.

Wewe nani atakuchangia? Dalali wa foreksi wa mtandaoni anakupa mkopo wa mara 100. Maana yake laki yako inashika biashara ya milioni 10. Bei ikienda kinyume kwa 1% tu, laki imekwisha, hata kama mwezi ujao utaonekana ulikuwa sahihi. Soros aliweza kusubiri, wewe huwezi. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya ilieleza kwamba kati ya 74% na 89% ya akaunti za watu wa kawaida kwenye biashara za mkataba wa namna hii hupoteza pesa. Na hao ni Wazungu wenye mishahara.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: soma kitabu ujifunze kuuliza, usisome ili ukaweke ada ya mdogo wako kwenye sarafu. Chukua daftari, andika unafikiri riba au shilingi itaelekea wapi na kwa nini, halafu rudi baada ya miezi 6 ujisahihishe. Soros naye aliandika shajara kama hiyo ndani ya kitabu chake. Ukipata akiba, Kenya hati fungani za serikali zinaanzia shilingi 50,000, Tanzania milioni 1. Zinachosha, hazina stori za kijiweni, lakini hazikuamshi saa nane usiku.

Najua wapo watakaobisha kwamba naua ndoto za vijana. Haya, uwanja ni wenu, shusheni hoja.